Ukuta wa Bwana Shekuwe

Paukwa! Mbona mwajibu kama mlionyimwa chakula? Paukwa! Ehe, pakawa hiyo nimeisikia. Sogeeni. Babu yenu nimezunguka, kutoka Bukini hadi Maskati, na kote nimerudi na ujinga ule ule niliokwenda nao. Lakini kisa hiki kinanizidi umri.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mji wa nyumba za mawe zilizobanana, kuta nene, vyumba virefu vyembamba. Humo aliishi Bi Mwanesha, mshona kofia. Mumewe alipofariki, akakaa eda, akafunga dirisha. Eda ikaisha, akalifungua. Akaona nini, wajukuu zangu? Ukuta! Jirani yake, Bwana Shekuwe, ameuinua ukuta wa ua wake, mweusi kwa kuvu, umelipita dirisha.

Bi Mwanesha hakuuliza. Akakaa gizani na sindano. Uzi huku, tundu kule. Uzi huku, tundu kule! Kofia hazikushoneka. Kaka yake aliyekaa mji wa Faza akatuma neno: "Nyumba hiyo ifunge. Mwezi ukiandama nakuja kukuchukua." Naye hakutaka kukiacha chumba ambamo bado alisikia kikohozi cha mumewe.

Siku moja sindano ikamchoma. Akapiga kelele dirishani: "Bwana Shekuwe! Nimekukosea nini hata ukanizika kabla sijafa?"

Sauti ikajibu ng'ambo ya ukuta: "Nikuzike mimi? Ulifunga dirisha, Bi Mwanesha. Nikajua huyataki macho ya watu, nikakusitiri."

"Ukanisitiri na jua pia?"

"La haula! Kesho naubomoa."

"Usiubomoe! Wanao wataniona nikila chunguni. Wa kumpakulia sinaye. Upake chokaa tu, upande wangu."

Ukapakwa, ukawa mweupe kama maziwa. Jua lilipopanda juu ya mapaa likaupiga ukuta, ukuta ukalirusha dirishani, mwanga ukaingia hadi mkekani. Adhuhuri ukawa mkali wa kuumiza macho. Akateremsha jamvi nusu dirisha, ukatulia. Nuru nayo hufunzwa adabu, wanangu. Uzi ukapita tunduni.

Lakini nuru haichagui cha kuonyesha. Ikamwonyesha na upande wa mumewe kitandani, umejaa vumbi. Akautazama mno. Kisha akaufuta.

Mwezi ukaandama, kaka akaja. "Haya, dada, fungasha."

"Keti kwanza, nikupime kichwa."

Kaka akarudi Faza peke yake, na kofia mpya kichwani. Nyumba ikanyamaza tena. Asubuhi yake, ng'ambo ya ukuta:

"Bi Mwanesha, mwanga umefika?"

"Umefika, jirani."

Basi, hawakuzidisha. Ila tangu siku hiyo hakuna asubuhi iliyopita bila Bwana Shekuwe kuuliza, wala bila Bi Mwanesha kuwa ameshaketi dirishani akingoja kuulizwa.

Wajukuu zangu, mwenye msiba msimsitiri kwa kukisia, muulizeni. Kisa ndicho hicho. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichungu, nirudishieni nikitafune mwenyewe, ingawa meno yamebaki mawili, nayo hayasemezani.