Zamu ya Jumuiya Nyumbani kwa Mama Koleta

Ndugu zangu, msianze kutazamana. Mwanamke nitakayewasimulia habari zake leo hayumo katika parokia hii, na hata angekuwamo jina lake nisingelitaja. Nikitaja jina, nyote mtageuka kumtafuta kwenye mabenchi, na mtasahau kujitafuta wenyewe. Mtoto wake tu ndiye nitakayempa jina, maana mtoto hana kosa. Tumwite Koleta.

Basi kulikuwa na mama mmoja, mume wake fundi wa friji, na huyo binti yao wa miaka sita, mtoto wa kuuliza maswali mpaka umkimbie. Karibu na kwao palikuwa na shule ya masista. Mnazijua shule za namna hiyo. Sare zimenyooka, darasa lina watoto thelathini, si mia na ishirini, na mtoto wa darasa la pili anasoma barua ya babu yake bila kukwama. Mama huyu alipita mbele ya geti lile kila siku akienda sokoni, na kila siku alijiambia, mwanangu atasoma humu. Hiyo si dhambi. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya geti la shule akamtamania mwanawe?

Lakini masista walikuwa na utaratibu wao. Nafasi ni chache, kwa hiyo walianza na watoto wa familia zilizo hai katika imani. Na kuwa hai hakuthibitishwi kwa maneno yako mwenyewe. Mwenyekiti wa jumuiya yenu aandike barua kwa mkono wake: familia hii tunaijua, tunasali nayo. Bila barua hiyo fomu yako hata haisomwi.

Familia hii haikuwa hai. Baba na mama walibatizwa utotoni, wakaishia hapo. Koleta mwenyewe alibatizwa kwa sababu bibi yake aligoma kumbeba mpaka abatizwe. Kanisani walionekana siku za misiba, na hata misibani walibaki nje kwenye viti vya turubai wakichezea simu. Baba alikuwa akisema waziwazi kwamba Mungu hayupo, na kama yupo, basi hajawahi kumletea hata friji moja ya kutengeneza.

"Sasa tutafanyaje?" mama akamuuliza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mume akajibu huku akicheka. "Tuiname miezi michache. Wanataka watu wa sala? Tutakuwa watu wa sala."

Jumuiya ya mtaa ule ilikutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kama zetu, kila wiki nyumba ya mtu mwingine kwa zamu. Mwenyekiti alikuwa mjane mmoja mshona nguo, mtu mzima, miguu imevimba kwa kukaa na cherehani. Mwezi wa nne Mama Koleta akafika kwake akiwa amemshika mtoto mkono.

"Karibuni, wanangu," mwenyekiti akasema. "Mmetokea jumuiya gani?"

"Tumehamia kutoka mkoani, mama. Kule jumuiya tulikuwa hatukosi. Na nyumbani kwetu ni rozari kila jioni, hata tuchoke vipi."

Mkoani kwenyewe kulikuwa ni mtaa wa pili kutoka pale. Na nyumba yao haikuwa na rozari hata moja, hata ile ya kutundika ukutani kwa urembo. Uongo huo wa kwanza ulimkaa Mama Koleta kooni siku nzima. Uliofuata ulipita. Kufikia mwezi wa sita ulikuwa unateleza kama mlenda, na yeye mwenyewe akawa anashangaa jinsi ulivyo rahisi kumeza.

Nyumbani akaanza kumfundisha mtoto, maana siku ya usaili Sista mkuu humhoji mtoto peke yake.

"Sista akikuuliza mnasali saa ngapi, utasemaje?"

"Saa moja jioni."

"Nani anaongoza?"

"Lakini Baba haongozi, Mama."

"Wewe sema Baba."

Koleta akauliza, "Mama, tukishapata shule, Mungu tutamwambia asije tena?"

Mama alicheka. Alimpelekea mume wake neno hilo kama kichekesho, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini jioni ile chakula kilimshinda Mama Koleta, na alipoulizwa akasema ni joto.

Ninyi mnacheka pia. Chekeni, nitawangoja.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi hawa hawakulipigia hesabu. Wao walikwenda jumuiya kutafuta barua. Mtoto alikwenda akapata sala yenyewe. Alikaa kila Jumamosi karibu na mwenyekiti, kichwa kimeegemea paja lake, na sala za waamini zilipofika yeye ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote: "Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Sisi wakubwa tunaitikia kama watu wanaosinzia. Yule aliitikia kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara, tena anayejua kabisa kwamba mtu yule atageuka. Wazee wa jumuiya wakawa wanamngoja. Asipofika hawaanzi.

Mwezi wa kumi mwenyekiti akaandika barua. Mama Koleta aliisoma njiani. Iliandikwa: familia hii imetutia moyo, hasa mtoto wao. Aliikunja haraka, akaingiza kwenye mkoba, akaharakisha mwendo. Usaili ukaja, Koleta akahojiwa. Nani anaongoza sala nyumbani? "Baba," akajibu, na hakupepesa jicho.

Kulikuwa kumebaki kubandikwa majina. Zikavuma habari kwamba Sista angewapigia simu wenyeviti kwanza, kuuliza kama familia zile zinaendelea au zimekwisha kupotea. Mama Koleta akashikwa na hofu. Jumamosi ile, ilipoulizwa wiki ijayo tunasali kwa nani, yeye ambaye kwa miezi saba alikwepa zamu kwa kumsingizia mwenye nyumba, akanyoosha mkono.

"Njooni kwangu," akasema.

Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akamkumbatia.

Alhamisi majina yakabandikwa. Koleta alikuwa wa tisa. Mama alipiga vigelegele pale pale getini, wauza maandazi wakamgeukia, na kwa kweli furaha yake ilikuwa furaha ya haki kwa mama yeyote. Ijumaa wakachinja kuku. Walipokuwa wanakula, mama akasema, "Kesho asubuhi watu wanakuja."

"Waje kufanya nini?" mume akauliza. "Kazi imekwisha."

"Niliwaalika mwenyewe."

"Na ukiwapokea kesho, utawapokea mpaka lini? Mpaka mtoto amalize darasa la saba? Waache wagonge. Wakiona kimya, wataondoka."

Mama Koleta angeweza kukataa. Lakini alikuwa amechoka, ndugu zangu. Amechoka kuigiza, amechoka kuitwa mwanangu na yule mjane asiyejua anamwita nani. Alitamani kuacha kusema uongo, na njia pekee aliyoiona ilikuwa uongo mmoja zaidi, tena ule usiohitaji hata maneno. Akakubali.

Kumekucha. Koleta aliamka kabla ya wote, akavaa gauni lake la Jumapili, akaanza kuburuta viti kuvipanga sebuleni. Mama akatoka mbio, akambeba, akamrudisha chumbani, akafunga mlango.

"Wageni wanakuja!" mtoto akasema.

"Nyamaza. Leo hatusali."

Mara wakasikia nyayo uani, na sauti ya mwenyekiti mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mnajua hodi ilivyo. Hodi haiachwi hewani. Hata mgonjwa aliyelala kitandani huitikia hodi. Koleta akafungua mdomo aseme karibu, na mama akauziba kwa kiganja.

"Tumsifu Yesu Kristo!" sauti ikasema tena mlangoni.

Kimya. Baba ameketi ukingoni mwa kitanda anatazama sakafu. Mama amepiga magoti, mkono mmoja mgongoni kwa mtoto, mwingine mdomoni mwake.

Nje wakaanza kuulizana. Mzee mmoja akasema, "Twendeni tukasalie kwangu, hawa wamesafiri."

"Hawawezi kusafiri bila kuniambia," mwenyekiti akajibu. "Familia hii haikosi Jumamosi. Kama kumekuwa kimya, basi yamewafika makubwa, labda wamekesha hospitali na yule mtoto. Na sisi tuwaache? Zamu ni yao. Tutasalia hapa hapa."

Wakatandika kanga kwenye udongo uliolowa umande, wakakaa. Mama Koleta alimsikia yule mjane akiguna kwa maumivu alipokunja miguu ile. Wakaimba, wakasoma, wakafika kwenye sala za waamini.

"Tuwaombee wagonjwa wa mtaa wetu. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie."

Mama akahisi kitu kwenye kiganja chake. Midomo ya mtoto ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inaitikia.

"Tuwaombee watoto wetu wanaotafuta shule. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakasema watu wa nje, na midomo midogo ikasema nao, ndani ya kiganja, bila sauti. Mama akakandamiza zaidi.

Kisha mwenyekiti akasema polepole, "Sasa tuiombee nyumba hii. Baba, na mama, na Koleta wetu. Kama kuna jambo linalowatesa ambalo hawawezi kutuambia, Bwana analijua. Awafungulie. Ee Bwana..."

Hapo Mama Koleta alishindwa kujizuia. Machozi yalimtoka kama mtoto. Hakuweza tena kumziba mtoto. Akaondoa mkono mdomoni mwa binti yake, akamwambia kwa kunong'ona, "Itikia, mwanangu. Itikia kwa sauti, wakusikie."

Koleta akamtazama mama yake. Akamtazama baba yake. Akatikisa kichwa.

"Wakisikia watajua tupo," akanong'ona, na akainua kiganja chake mwenyewe, akajiziba mdomo.

Ndugu zangu, kuna wanaongoja niwaambie kwamba waligunduliwa, kwamba Sista alimfukuza mtoto, kwamba baba aliumwa akajuta. Hawakugunduliwa. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Wakati mwingine si fupi hata kidogo. Wakati mwingine imewekwa lami na inakufikisha ulikotaka. Mwezi wa kwanza Koleta aliingia darasani na sare yake mpya, nafasi aliipata. Anajifunza vizuri. Asubuhi wanaposali mstarini, wenzake wote huitikia, na yeye hutazama viatu vyake.

Hiyo ndiyo hasara. Kukosa shule kunaumiza, lakini kuna shule nyingine, na kuna mwaka mwingine. Yule mtoto alikuwa na kitu ambacho mimi padre wenu nakitafuta kila asubuhi kwenye magoti yangu na siku nyingine sikipati. Alimwita Mungu akiwa na hakika kwamba anasikilizwa. Na waliompokonya si maadui wa Kanisa. Ni baba yake na mama yake, watu wanaompenda, walioamka alfajiri miezi saba kwa ajili yake.

Sasa tuje kwetu. Mezani kwangu ofisini kuna barua kumi na nne kama ile ya mwenyekiti, zinangoja mhuri wa parokia. Msiogope, sitazisoma hapa. Nitakiri kwanza la kwangu: nimewahi kugonga mhuri huku najua. Niliona uso wa mzazi nikasema, maskini, ni kwa ajili ya mtoto. Nikajiona nina huruma. Mwenyekiti wa jumuiya yule alikuwa hajui. Mimi nilijua. Basi na mkono wangu ulikuwa pale, mdomoni mwa mtoto wa mtu.

Na wewe unayesema, Baba, mimi sijaomba barua yoyote? Umewahi kumwambia mwanao, mgeni akija sema sipo? Umewahi kumwambia, mbele ya Padre kaa hivi, tukifika nyumbani ni mambo mengine? Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na sisi tumewakunja. Tunapokasirika kwamba vijana wetu wamelikimbia Kanisa, tuwaulize kwanza walisikia nini nyumbani siku hodi ilipopigwa.

Mwenye barua mezani kwangu ambayo haisemi kweli, aje aichukue. Sitamuuliza kitu, wala sitamhesabia kosa. Aje pia Jumamosi kwenye jumuiya, bila barua, tuanze naye upya. Tutampokea, na nitakuwa wa kwanza kumpisha kiti.

Sasa tusimame kwa sala za waamini. Leo ninaomba jambo moja. Watu wazima wote tunyamaze, na mimi pamoja nanyi baada ya kutaja ombi. Waitikie watoto peke yao, sisi tusikilize. Na kama mtoto aliye karibu nawe haitikii, tafadhali usimfinye. Mwache, na ujiulize wewe.