Kitufe Kilichoandikwa USIGUSE

Sogezeni viti. Hadithi hii ina watoto watatu wa baba mmoja, gari moja na ufunguo mmoja. Nitaisimulia mpaka mwisho bila kuruka kitu, lakini hukumu sitaitoa kwa sababu sina. Nitawaachia nyinyi, na najua mtagombana.

Baba yao alikuwa Mwalimu Eliamani, mwalimu mkuu mstaafu. Katika miaka thelathini na minne ya kazi hakuwahi kutoa namba moja kwa wanafunzi wawili. Wakilingana alama, aliwapa mtihani mwingine. Wakilingana tena, mwingine. Mwaka mmoja wasichana wawili walifanya mitihani mitano, na aliyeshindwa alilia njia nzima mpaka kwao. "Wa kwanza ni mmoja," Mwalimu alisema, akaenda kunywa chai.

Mtoto wake mkubwa, Mbonea, alijaliwa masikio. Alikuwa fundi magari. Gari likipita barabarani yeye akiwa mezani anakula, alikwambia ni gurudumu lipi linalolia na litadumu mpaka lini.

Wa pili, Sefueli, alijaliwa mikono. Alikuwa dereva wa malori ya tangawizi. Kwenye kona ambazo madereva wengine huwaomba abiria washuke watembee, wa Sefueli walikuwa wamelala wanakoroma.

Wa mwisho, Navoneiwa, ambaye nyumbani walimwita Navo, alijaliwa macho ya kusoma. Alikuwa na shahada ya takwimu, na hakuna herufi iliyompita. Alisahihisha kadi za harusi, matangazo ya kanisani, hata maandishi ya kwenye makaburi, jambo ambalo halikuwafurahisha wote. Baba yake alimsifu mbele za watu kwa maneno mawili tu: "Huyu hakosei." Wengine waliyasikia kama sifa. Navo aliyasikia kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni, ambayo amepewa aibebe kichwani maisha yake yote bila kumwaga tone.

Gari la Mwalimu lilikuwa kubwa, la kijani, la miaka ishirini na mbili, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Bondeni kote hapakuwa na jingine la kupeleka wagonjwa. Hospitali iko juu, na kati ya bonde na hospitali kuna mpando wa Nkwini, barabara ya mlimani ya udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni.

Gari hilo lilikuwa na mfumo wa kuzuia kuteleza. Gurudumu likizunguka tofauti na wenzake, kompyuta hudhani linateleza. Hulishika breki, na papo hapo huinyima injini nguvu. Gari likiwa jipya, huo ni msaada. Likizeeka, huanza kuona utelezi hata mahali pakavu.

Sasa sikilizeni kila mmoja alilifanyia nini gari hilo. Wote watatu walifanya kwa mapenzi.

Mbonea aliziba taa. Taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye picha ya gari linaloserereka, ilianza kuwaka na kukataa kuzimika. Mwalimu akawa hawezi kuendesha kwa amani, kila baada ya mwendo mfupi anasimama kuichungulia. Mbonea alitafuta kifaa kipya mjini akakosa. Basi akakata kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, kidogo kama ukucha, akakibandika juu ya taa. "Imepona?" Mwalimu akauliza. "Imepona, Baba." Mzee akaanza tena kupiga mluzi akiendesha.

Sefueli alibadilisha tairi. La nyuma kushoto lilimpasukia akitoka kumpeleka mama mjamzito. Tairi la akiba lilikuwepo chini ya gari, jipya kabisa, lakini Mwalimu alilitunza kama vyombo vya wageni. Sefueli hakutaka kulichafua wala kumsikia baba yake akiuliza maswali. Akaazima la rafiki yake, kubwa kidogo kuliko mengine, tofauti ambayo kwa macho huioni. Akalifunga, akaosha gari, akanyamaza.

Navo aliandika vibandiko. Vitufe vyote vilikuwa na maandishi ya Kijapani, na Mwalimu alikuwa amevibonyeza kwa kubahatisha miaka sita. Likizo moja Navo alikaa garini kutwa nzima na simu yake, akatafsiri kimoja baada ya kingine, akaandika vibandiko kumi na vinne kwa herufi zilizonyooka: TAA ZA UKUNGU. KIOO CHA NYUMA. HEWA YA MIGUUNI. Cha kumi na nne kilimshinda, maandishi yake yalikuwa yamefutika nusu. Angeweza kuandika SIJUI. Aliandika USIGUSE.

Mwalimu alivisoma vyote, akaridhika, na tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa kitufe kile.

Mwaka uliofuata Navo alipata kitabu cha gari hilo mtandaoni. Akaona kwamba kitufe cha kumi na nne ndicho cha kuuzuia mfumo wa kuzuia kuteleza usiinyime injini nguvu, na kwamba dereva anaelekezwa akibonyeze akikwama kwenye matope. Akatengeneza kibandiko kipya. Krismasi alikwenda nacho nyumbani ndani ya pochi, akamkuta baba yake amewafungulia wageni mlango wa gari. "Someni wenyewe," anawaambia. "Hakuna hata kosa moja." Kibandiko kipya kikabaki pochini.

Ikaja Jumanne moja ya Aprili, mvua imenyesha siku tatu. Mwalimu alikuwa mezani anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Alipotaka kusema, mdomo ulivutwa upande mmoja. Shangazi Naetwe, dada yake, alimtazama mara moja tu.

"Kiharusi hicho. Leteni gari. Nimesema leteni gari, msinitazame mimi!"

Sefueli akashika usukani, Mbonea akakaa kando yake. Nyuma, Shangazi alikilaza kichwa cha kaka yake mapajani, na Navo akamshika baba yake mkono wa kulia. Mkono ulikuwa mzito kama si wake. Navo aliangalia saa kwa sababu huangalia saa kila mara: saa mbili na dakika kumi na mbili.

Katikati ya mpando wa Nkwini injini ilikata pumzi. Haikuzimika, ililegea tu, kama mtu anayebeba gunia akaamua kuliweka chini. Kwa nyuma kukasikika kitu kinakwaruza, trrr, trrr. Gari likasimama, likaanza kurudi nyuma taratibu.

"Kanyaga!" akasema Mbonea.

"Nimekanyaga mpaka chini, kaka! Haliitiki!"

Sefueli akalirudisha, akajaribu upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kwa mwendo wa kukimbilia. Kila mara lilifika palepale likalegea.

"Gari hili limesoma shuleni kwa kaka yangu," Shangazi akasema kwa uchungu. "Ukiteleza kidogo tu, adhabu."

Mbonea akashuka, akalala kwenye matope, akamwambia mdogo wake ajaribu tena. Akasikiliza. Akarudi uso umebadilika, akanyoosha kidole, akang'oa ule utepe. Taa ya manjano ikawamulika wote.

"Tangu lini?" Sefueli akauliza.

"Miaka miwili. Niliiziba mimi." Mbonea hakumtazama mtu. "Kompyuta inashika gurudumu la nyuma kushoto, inadhani linateleza. Kwa nini hilo tu?"

Sefueli akazima injini. Ikabaki mvua tu na pumzi za Mwalimu.

"Kwa sababu tairi hilo si letu," akasema. "Ni kubwa kuliko mengine."

Mbonea alimshika kola. Shangazi akafoka kutoka nyuma: "Mtapigana msibani! Huyu bado hajafa!"

Wakaachana. Sefueli akaenda kulifungua lile tairi jipya la akiba. Mbonea akatafuta mawe ya kuzuia magurudumu, na akiwa ameinama dirishani akauliza: "Navo, magari mengine yana kitufe cha kurudisha nguvu za injini mfumo huu ukileta ukorofi. Wewe ulisoma vyote. Hili linacho?"

Ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na moja. Kitufe kilikuwa mbele yake, hatua moja ya mkono, na juu yake mwandiko wake mwenyewe. Navo alikuwa anakifikiria tangu mkwamo wa kwanza. Alikuwa amejiambia kwamba pengine tatizo ni jingine, kwamba wakishabadilisha tairi litapanda, na hakuna atakayehitaji kujua. Mkononi mwake vidole vya baba yake havikushika kitu.

"Sikumbuki vizuri," akasema.

Kubadilisha tairi kwenye mteremko, jeki ikizama kwenye udongo, kuliwachukua muda mrefu. Sefueli alichubuka vidole vyote. Walipojaribu tena, kule kukwaruza kulikuwa kumekwisha. Gari likapanda hatua kumi, kumi na tano, magurudumu yakateleza kweli safari hii, na injini ikalegea palepale.

Sefueli akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Bonyeza hicho," Navo akasema.

"Kipi?"

"Cha mwisho. Kulia."

"Si umeandika usiguse?"

"Sefu, nimesema bonyeza!"

Akabonyeza. Akakanyaga, na injini ikanguruma kama haijawahi kunyimwa kitu. Mikono ya Sefueli ikafanya kazi yake, kushoto, kulia, matope yanaruka mpaka paani. Walifika juu. Mbonea akageuka, machozi na udongo vimechanganyika usoni. "Msomi ni msomi," akasema. "Umekumbuka, mdogo wangu. Umemwokoa Baba."

Hospitalini, wakati kaka zake wanamshusha mgonjwa, Navo alinyoosha mkono akakibandua kile kibandiko. Kiliacha alama ya gundi, ya mraba.

Daktari alitoka baadaye akawaambia ataishi. "Kufika kwenu ndiko kulikomwokoa. Lakini mmechelewa kama saa moja. Saa hiyo ndiyo iliyochukua ulimi na mkono wa kulia."

Navo alikuwa na idadi kamili. Zilikuwa dakika hamsini na nane. Usiku na mchana alijaribu kuzigawa kwa watu watatu. Kama taa ingekuwa wazi, Baba asingekubali gari litembee mpaka likaguliwe, na tairi lile lingeonekana. Kama tairi lingekuwa lao, lisingeshikwa breki, na kitufe kingetosha. Kama angejibu alipoulizwa, kitufe kingebonyezwa tairi lilipokwisha kufungwa. Na upande wa pili: bila masikio ya Mbonea wasingejua pa kuanzia, bila mikono ya Sefueli wasingepanda, na bila neno lake wangekuwa mpandoni mpaka leo. Kila alipogawa, hesabu ilikataa.

Wiki sita baadaye Mwalimu alirudi nyumbani. Waliketi sebuleni. Mzee akatoa ufunguo wa gari kwa mkono wa kushoto, akauweka mezani katikati ya watoto wake. Kisha akainua kidole. Kimoja.

"Mnamjua kaka yangu," Shangazi Naetwe akasema. "Hataki mgawane. Ufunguo huu ni wa aliyemfikisha hospitali. Mwenye ufunguo ndiye atakayempeleka kliniki, ndiye watu watakayemgongea mlango wakiwa na mgonjwa. Semeni ni nani."

Mbonea akakohoa. "Mimi nilimdanganya kwamba imepona. Kila akipiga mluzi nilijua. Siwezi kuushika."

"Na mimi nilifunga tairi la watu," Sefueli akasema. "Tukimtoa kaka na mimi, anabaki mmoja."

"Navo," Mbonea akasema. "Yeye peke yake ndiye hakukosea."

Mwalimu alimgeukia binti yake. Nusu ya uso wake ambayo bado ilikuwa hai ilitabasamu. Midomo ikahangaika, ikatafuta maneno yale mawili, ikayakosa. Wote waliyajua, hakuna aliyehitaji kuyasikia.

Navo alikuwa amevaa gauni lenye mfuko, na mfukoni mlikuwa na kibandiko chenye herufi saba zilizonyooka. Alikuwa amekikunja na kukikunjua mpaka wino umeanza kuchubuka. Akikitoa, mzee ambaye hana ulimi wa kuuliza kwa nini atakuwa amebaki na watoto watatu waliomficha. Akikiacha mfukoni, mzee atabaki na mmoja asiyekosea.

"Navo," Shangazi akasema. "Mbona huchukui? Unasemaje?"

Mimi simulizi yangu inasimama hapo, mkono wa msichana ukiwa mfukoni na ufunguo ukiwa mezani. Msiniulize alisema nini.

Nawauliza nyinyi. Watatu walilikwamisha gari, watatu haohao wakalikwamua. Wawili wamesema makosa yao, na kwa kuyasema wamejitoa. Mmoja bado ana nafasi kwa sababu bado hajasema. Mzee ameinua kidole kimoja, na kidole hicho kimeanza kutetemeka kwa kuchoka.

Wewe uliyeketi hapo, ufunguo ungeusukuma upande wa nani?