Ndoto ya Mtoto Asiyegeuka Nyuma

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitoa ushauri na watu wakiwa wajinga wa kuufuata, palikuwa na mama mmoja, Bi Somoe, na bintiye wa pekee, Siwema. Binti mtulivu, hana neno na mtu. Lakini mamake sasa! Mamake aliota ndoto, basi nyumba nzima ikakosa raha.

Akaenda kwa Kunguru. "Nimemwota mwanangu anaondoka nyumbani, hageuki nyuma."

"Heri tu," akasema Kunguru. "Hiyo ni ndoa. Atatoroshwa huyo! Mvishe njuga miguuni, umsikie akitoka."

Siwema akavishwa njuga. Akienda kisimani, cha! cha! cha! Wenzake wakacheka mpaka wakamwaga maji.

Ndoto ikarudi. Bi Somoe huyoo, kwa Nyani. "Nimemwota mwanangu anaondoka nyumbani, hageuki nyuma."

"Heri tu. Hiyo ni safari ya mbali. Mfiche viatu."

Viatu vikafichwa. Siwema akachomwa na miiba, akanuna.

Ndoto ikarudi tena. Bi Somoe mbio kwa Kobe. "Nimemwota mwanangu anaondoka nyumbani, hageuki nyuma."

"Heri tu. Hicho ni kifo. Mfungie ndani."

Kobe naye! Maisha yake yote kajifungia ndani, angesema nini kingine?

Mlango ukakomewa kwa nje. Siwema akabaki na njuga zake, pekupeku, anavuta moshi wa jikoni, na siku hiyo wenzake wote wamekwenda ngomani. Akachoka. Jamani, alichoka!

"Mama!" akapiga kelele. "Kunguru umemuuliza, Nyani umemuuliza, Kobe umemuuliza. Mimi mbona hukuniuliza? Nimekwambia naondoka?"

"Nimemwona mwanangu akienda!" akajibu mamake kutoka nje.

"Uso wangu uliuona?"

"Uso? Alinipa mgongo."

"Sasa umejuaje ni mimi?"

Siwema hakungoja jibu.

"Alibeba nini?"

"Mkeka, kichwani. Mwekundu, umeungua pembeni."

"Sisi tuna mkeka wa hivyo?"

Siwema akaupiga mlango kwa ngumi. "Mama! Tunao?"

"Niliuunguza mimi," akasema Bi Somoe kwa sauti ndogo. "Kwa mama. Akanifokea, nikaona uchungu, nikajitwika huohuo nikaondoka. Wewe hujazaliwa."

"Na bibi yuko hai! Kila mwaka nasikia tutakwenda baada ya mavuno, tutakwenda baada ya mavuno! Mama, mtoto aliyeondoka ni wewe. Nifungulie, twende."

Akafunguliwa. Wakavuka mto, wakapanda kilima, wakateremka bondeni, hadi kwenye nyumba ndogo iliyofungwa mlango mchana kweupe.

"Hodi!" akaita Bi Somoe.

"Hodi!" akaita tena.

"Hodi, mama!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya bibi kizee, imejaa hasira. "Nenda zako, ndoto we! Kila siku waniambia Somoe amerudi, nainuka, nafungua, hapana mtu. Nimechoka kukufungulia. Niache nipumzike!"

Siwema akamtazama mamake. Bi Somoe akaketi pale kizingitini, akalia kama mtoto mdogo.

"Mama, ni mimi. Mkeka niliuunguza mimi, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe, mama."

Wakasikia kitanda kikilia, fimbo ikigonga sakafu polepole, na komeo likivutwa.

"Haya," akasema bibi kizee, "ndoto haijawahi kuniomba msamaha hata siku moja."

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa watu, na hapo naiachia. Na asiniulize mtu walikula nini!