Kanga ya Mpishi wa Uji

Wapendwa, palikuwa na darasa la tano lililotaka kusema asante, likaishia kugombana.

Mpishi wa uji wa shule yao alikuwa anarudi kwao Ijumaa. Watoto walikubaliana haraka wampe kanga. Taabu ikaja kwenye jina la kanga. Dukani zilikuwepo mbili: moja imeandikwa "Wema hauozi", nyingine "Mlezi ni mama".

Kiranja wao, msichana mpole, alilitaka jambo hili kuliko wote. Alipokuwa darasa la kwanza alifika shule asubuhi nyingi bila kutia kitu tumboni, na mpishi yule, bila kumuuliza neno, alimjazia kikombe mara ya pili.

"Mlezi ni mama!" alishikilia mvulana wa dawati la nyuma. "Hauozi, hauozi, kwani ni samaki?"

"Na wewe mama yako yupo nyumbani, unataka wangapi?" akajibiwa.

Siku tatu! Walipopiga kura, ishirini kwa ishirini. Ikabaki ya kiranja. Akanyoosha mkono: "Wema hauozi."

Walioshindwa wakanuna. "Basi muageni wenyewe."

Ijumaa, nusu ya darasa ilisimama mbele ya jiko, nusu ikaegemea ukuta, imetazama pembeni. Kiranja alitamani kulia. Asante ya nusu darasa ni asante gani?

Mpishi akaikunjua kanga, akaigeuza huku na huku. "Nzuri, wanangu! Haya, nisomeeni. Mimi shule nimeijulia jikoni."

Siku tatu wamegombea maneno, na hakuna aliyejua kwamba mwenyewe hajui kusoma.

Kiranja akashika pindo la kanga. Yale maneno mawili akayaona madogo. Akasema, "Imeandikwa: Nilikuja na njaa, ukaniongezea kikombe."

Kule ukutani yule mvulana akageuka. Akasogea, akachungulia. "Kuna mstari mwingine hapa. Imeandikwa: Nilipomwaga uji, hukunisema kwa mwalimu."

Wakaja wote, wa ukutani na wa jikoni, wakasoma yasiyoandikwa. Mpishi akafuta macho kwa kanga yake mpya. "Jamani, mbona ndefu hivi!"

Na sisi je? Tumekaa vikao vingapi juu ya rangi ya sare za kwaya, na wimbo upi utangulie siku ya mavuno? Tumepiga kura, tumenuna, na wengine wetu mpaka leo tumeegemea ukuta. Kura si kosa; bila kura wale watoto wangefika Ijumaa mikono mitupu. Kosa ni kusahau tulikuwa tunamshukuru nani.

Mungu ametujazia kikombe mara ya pili, na wengi wetu alitujazia kwa mkono wa mtu aliyeketi humu humu ndani. Mtu huyo ana mstari wake, hajasomewa. Tusingoje Ijumaa. Mgeukie sasa hivi, umsomee.