Sori ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, siku ambazo wanyama walikuwa na mashamba na majirani wa kugombana nao, Pimbi alipanda kunde kando ya mto. Alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwenye watoto watano, na kunde zile ndizo chakula chao cha mwaka mzima.

Kila asubuhi Kiboko akirudi kutoka malishoni alikata njia katikati ya shamba. Chwatu, chwatu, chwatu! Miche yote aliyoipitia chali.

"Jamani, Bwana Kiboko, kunde zangu."

"Sori," alijibu Kiboko, akajitosa mtoni.

Neno hilo alilisikia kwenye kambi ya Wazungu. Mhudumu alimmwagia mgeni chai, akasema sori, na yakaisha. Tangu siku hiyo Kiboko alitembea kifua mbele. Na majirani, wajinga wale, badala ya kumsuta wakamsifu kwamba amesoma.

Pimbi alilia siku mbili. Siku ya tatu, ilipobaki mistari minne tu ya kunde, alifuta machozi akawaalika nyani na ngiri waje asubuhi kusikiliza Kizungu.

Kiboko alipokuta watazamaji alifurahi kweli. Akakanyaga mstari mzima, kisha akasema kwa madaha, "Sori."

"Mmemsikia?" Pimbi akauliza. "Sasa tazameni anavyoimalizia. Sori haisemwi kwa kusimama, msemaji hupiga goti. Au mzee wetu hakufika darasa hilo?"

Wote wakamgeukia Kiboko.

"Mimi? Nililipita zamani," akasema, akapiga goti. Puu!

"Hiyo ni sori ya kumkanyaga mtu mguu. Sori ya shamba ina jembe ndani yake. Lakini hiyo ni ya waliobobea, tusimtie mzee aibu."

"Nani asiyeijua sori ya jembe? Lete hapa."

Akalima. Jua likapanda, ngozi ikaanza kumwasha, naye alikuwa hajazoea kuwa nje ya maji saa kama zile.

"Nimemaliza?"

"Bado mbegu, Bwana Kiboko. Halafu maji. Wewe si unajua?"

"Najua, najua. Nilikuwa nakupima."

Nyani wakapiga makofi. Kufika adhuhuri shamba zima lilikuwa limepandwa upya, na mistari imenyooka kuliko ya Pimbi mwenyewe. Mimi namwonea Kiboko huruma, lakini kidogo tu.

Alipomaliza akamvuta Pimbi pembeni, akanong'ona, "Mama, hawa Wazungu hawana neno jepesi kuliko hili?"

"Wanalo. Ekskyuzimi. Hilo husemwa kabla ya kukanyaga, ukiwa bado nje ya shamba. Kisha unangoja ujibiwe."

Kesho yake Kiboko alisimama mpakani. "Ekskyuzimi," akaita kwa adabu.

Pimbi alikuwa anamwagilia mbegu zake. Hakuinua hata kichwa. Kiboko akangoja, akangoja, mgongo ukaanza kumchoma, mwisho akazunguka kwa njia ya mbali. Ikawa hivyo kila asubuhi mpaka kunde zikavunwa na watoto wakashiba.

Na Pimbi, niwaambieni, Kizungu chake chote kilikuwa maneno hayo mawili.

Anayeona haya kusema "sijui" hulimishwa shamba lisilo lake.