Kiti Chenye Kitenge

Hesabu haikai jukwaani. Mmeisikia asubuhi, mama yenu alipomwambia mjomba wenu anayesitasita kwenda hospitali kumwona bibi, na sasa mnanizonga mjue imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia Arusha, kwa Mzee Elirehema Mbise.

Mzee Elirehema alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na mapenzi yake yalikuwa tenisi ya kulipwa. Raketi kuishika hakujua, lakini kila mchezaji alimpa alama: amemfunga nani, kwenye udongo au kwenye saruji, mipira yake ya kuanzia huingia mara ngapi. Akishakokotoa, alikwambia mechi ya kesho ataibeba nani, na mara nyingi ikawa hivyohivyo. Watu wakamwita Mzee Kesho, naye jina hilo akalipenda, na kwa nini asilipende?

Binti yake wa pekee, Aikande, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Miaka yote alicheza ugenini, baba akimfuata kwa tarakimu tu. Kisha mashindano yakaletwa Arusha, na Aikande akapangiwa Mtunisia mmoja mwenye mkono mzito. Akamwomba baba yake jambo moja tu, aje amtazame.

Mzee akakaa na tarakimu zake. Zikamwambia wakikutana mara kumi, Aikande atashinda mbili. Akarudia hesabu akitafuta kosa, wapi! Moyo ukamuuma. Siku ya mechi mkewe akamngojea mlangoni. Mzee akamwambia aende tu, yeye mwisho anaujua. Ukweli ni kwamba aliogopa kumwona mwanawe akishindwa.

Aikande akashindwa, seti mbili kwa bila. Jioni akarudi na vumbi jekundu la uwanja miguuni, akaketi jikoni. Baba akamsogelea taratibu, akamweleza asijilaumu, alama zilikwisha kusema.

"Alama zangu nazijua, baba," Aikande akasema. "Sikukuita uje unione nikishinda."

"Uliniitia nini basi, mwanangu?"

"Kila tulipobadilishana upande nilitazama kiti chako. Mama alikitandikia kitenge asikikalie mtu. Nikawa natazama kitenge. Hesabu haikai jukwaani, baba."

Mzee alilia, tena hakujificha.

Mwaka uliofuata, mashindano yaleyale, Mtunisia yuleyule. Alama zikasema moja kwa kumi, maana mpinzani alikuwa amepanda. Mzee Elirehema akafika kabla walinzi hawajafungua geti. Jirani yake jukwaani akamuuliza nani atashinda. Akajibu kwamba binti yake atashindwa, kisha akaendelea kumshangilia mpaka sauti ikamkauka.

Najua mnataka kuuliza. Alishindwa, ndiyo. Lakini kila alipobadilisha upande aliinua macho, na baba yake alikuwapo, amekikalia kile kitenge. Akatoka uwanjani anatabasamu, wakaenda kula ndizi nyama wote watatu.

Bibi yenu naye daktari amekwisha kumpigia hesabu, nasi tumeisikia. Haya, vaeni viatu, na mjomba wenu mwambieni awashe gari. Hesabu haikai jukwaani.