Kwa Nini Perere Hulia Juu ya Miti

Zamani hizo milima hii ilikuwa na msitu mpaka kileleni, na perere, yule mnyama mdogo wa mitini, hakuwepo. Msicheke. Ninyi mliowahi kumsikia usiku mkasema ni kelele za mwitu tu, tulieni niwaeleze alikotoka.

Watu wa hapa walikuwa wahunzi. Walipuliza moto wa tanuri kwa mivukuto ya ngozi iliyosukumwa kwa mikono, na mikono huchoka. Wakichoka waliuacha moto uzimike, wakala, wakalala, na msitu nao ukapumzika. Hakuna aliyejua kwamba uchovu wao ndio ulioulinda.

Akatokea Senkondo, fundi hodari asiyeweza kukaa bure. Alichonga gurudumu la mbao, akalitega kijitoni, maji yakaligeuza, nalo likasukuma mivukuto usiku na mchana. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Majembe yakajaa, wageni wakaja na ng'ombe na chumvi kuyabadilisha. Tanuri likala miti mingi kuliko watu walivyoweza kukata, basi Senkondo akaunda msumeno ulioendeshwa na gurudumu lilelile. Kila tatizo alilitafutia chombo kipya. Mtu mwenye akili kama ile, nani angemwambia sasa basi?

Mkewe, Nakijwa, alimwambia. Yeye ndiye aliyeteka maji, na aliona kabla ya wote.

"Baba Mbonea, kijito kinakauka. Zima moto, hata msimu mmoja."

"Nitachimba mfereji," akajibu. "Maji yapo, ni kuyafuata tu."

Alichimba. Mfereji ulileta tope, kisha vumbi. Mvua za vuli hazikuja, maana hapakuwa tena na msitu wa kuziita. Ng'ombe wakafa, wazee wakafuata. Mbonea, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, alifia mikononi mwa mama yake midomo ikiwa imepasuka. Sehemu hii huwa inaniuma, hata niisimulie mara ngapi.

Senkondo alimzika mwanawe, akachukua shoka. Ulikuwa umebaki mkuyu mmoja, pale ilipokuwa chemchemi. Alisema akiuchoma tanurini apate chuma kidogo tu, ataunda chombo cha kuvuta maji chini ya mwamba. Nakijwa akapanda mtini.

"Shuka, mama Mbonea. Ni mti mmoja tu."

"Na mtoto alikuwa mmoja tu."

Aliukata. Mti ulipolala chini alimtafuta mkewe katika matawi yote, akimwita kwa jina, asimwone. Kwenye tundu la shina akatoka mnyama mdogo wa kijivu, akamtazama, akapiga yowe, akakimbilia misitu ya mbali.

Na tangu siku hiyo perere hulia juu ya miti. Sauti yake huanza kwa kukwaruza, kama mti unaokatika, kisha hupanda mpaka kuwa kilio cha mama aliyefiwa. Msitu ukiota tena hurudi; anaposikia unakatwa, huhama. Mwaka huu, wanangu, huku kwetu sijamsikia hata mara moja. Nasikia mashine za kupasua mbao tu, na naogopa.